Pasi Isiyomruhusu Kwenda Kwao

Mwaka 1956 serikali ya jimbo la Austria ya Chini ilimtambua mtu mmoja kuwa raia wa Jamhuri ya Austria, ikamwandika katika daftari zake kwa jina la Dk. Otto Habsburg-Lothringen. Pasi ya kusafiria aliyopewa ilimruhusu kwenda katika nchi zote za dunia isipokuwa moja, nayo ni Austria yenyewe. Afisa aliyeigonga muhuri pasi hiyo bila shaka alitimiza wajibu wake kwa mujibu wa sheria. Walakini ni shida kupata karatasi nyingine ya serikali inayodhihirisha kwa ufupi kiasi hicho mashaka ya jamhuri mbele ya mrithi wa ufalme iliouangusha.

Otto alizaliwa tarehe 20 Novemba, 1912. Siku moja baada ya kutimiza miaka minne, baba yake, Karl, alirithi kiti cha dola ya Austria na Hungaria, huku vita kuu ikiwa imepamba moto na vijana wa dola hiyo wakiteketea katika mahandaki. Miaka miwili baadaye dola ilikuwa imesambaratika. Tarehe 3 Aprili, 1919, Bunge la jamhuri mpya lilipitisha sheria iliyoufuta utawala wa ukoo wa Habsburg, ikamfukuza Karl asirudi tena, na kuzitwaa mali za ukoo. Mapato ya mali zile yalielekezwa katika kuwatunza watu walioharibiwa afya na vita pamoja na jamaa za waliokufa. Hapo hapana la kulaumu. Waliopeleka wananchi vitani hawakuwa na haki ya kudai majumba na misitu baada ya wananchi kurudi vilema.

Sheria hiyo, hata hivyo, haikuwa ya kisasi kitupu. Iliweka mlango. Mtu yeyote wa ukoo huo, ukimtoa Karl, aliweza kuishi nchini iwapo angejitoa katika nyumba ya kifalme, akakana madai yake yote, na kujitangaza kuwa raia mwaminifu wa jamhuri. Mlango huo ndio uliokuja kuzua zogo miaka arobaini na miwili baadaye.

Karl hakukubali kushindwa. Mwaka 1921 alijaribu mara mbili kujirudishia kiti cha Hungaria, na mara zote mbili alishindwa. Akapelekwa kisiwa cha Madeira, na huko, tarehe 1 Aprili, 1922, akafa kwa kichomi akiwa na umri wa miaka 34. Aliacha mjane mwenye mimba ya mtoto wa nane, na mwanawe mkubwa wa miaka tisa ambaye tangu saa ile watu wachache waliobaki nao walianza kumwita Mtukufu Mfalme.

Mwalimu yeyote atauliza: mtoto wa namna hiyo hufundishwaje? Jibu linasikitisha kwa kiasi fulani. Mama yake, Zita, ambaye hakuvua nguo nyeusi za msiba hadi alipokufa mwaka 1989, alimlea katika mji mdogo wa Lekeitio, pwani ya Hispania, akawekewa walimu wa nyumbani waliomfundisha kwa kufuata mitaala ya shule za Austria na ile ya Hungaria pia. Mtoto alisomeshwa kwa ajili ya nchi mbili ambazo hakuruhusiwa kukanyaga. Mwaka 1935 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Leuven nchini Ubelgiji, na tasnifu yake ilihusu mila na sheria za urithi wa mashamba miongoni mwa wakulima wa Austria. Mrithi asiyekuwa na cha kurithi alichunguza jinsi wakulima wanavyorithishana shamba lisigawanyike! Yamkini hakulikusudia jambo hilo, lakini lasema mengi.

Katika mambo ya siasa hakuwa mtu wa kudharauliwa. Mapema mwaka 1938, Wanazi walipokuwa wakiinyemelea Austria, alimwandikia Kansela Schuschnigg akitaka akabidhiwe madaraka ili nchi ipigane. Alikataliwa. Hitler naye aliupa mpango wa kuivamia Austria jina la Otto. Mwaka 1940 familia ilikimbia tena, ikapita Ufaransa na Ureno hadi Marekani. Baada ya vita Otto aliishi kwa kalamu yake na kwa kutoa mihadhara, akafanya maskani yake Bavaria, karibu kabisa na mpaka wa nchi yake.

Tarehe 31 Mei, 1961, alitia sahihi ile hati iliyotakiwa na sheria ya mwaka 1919. Alijitoa katika ukoo wa kifalme, akakana madai yote, akajitangaza kuwa raia mwaminifu. Sharti lilikuwa limetimia. Lakini vyama viwili vilivyoshirikiana kuongoza serikali havikuafikiana kama hati hiyo inatosha. Mahakama ya Katiba ilisema shauri hilo si lake. Mwezi Mei 1963 Mahakama ya Utawala ikaamua kwamba hati inatosha. Na bado Wasoshalisti, wakiungwa mkono na chama kidogo cha upinzani, walipitisha azimio Bungeni mwaka ule ule kwamba kurejea kwake hakutakiwi.

Haifai kuwacheka waliopinga. Wafanyakazi wa Vienna walikuwa na kumbukumbu zao. Walikumbuka vita ya mfalme na safari mbili za Karl za mwaka 1921. Walikumbuka pia mwaka 1934, chama chao kilipopigwa mizinga na kufutwa na serikali ambayo mwaka uliofuata iliwafungulia akina Habsburg mlango na kuwarudishia sehemu ya mali. Hofu yao ilikuwa na mizizi. Tena Mkataba wa Dola wa mwaka 1955, ulioiondolea Austria majeshi ya kigeni, uliilazimisha kuendelea kuitunza sheria ile.

Lakini kuitunza sheria ni pamoja na kuutunza mlango wake. Maadamu dola imeandika sharti, na mtu amelitimiza, na mahakama imethibitisha, mtumishi wa dola hana tena ruhusa ya kupekua moyo wa mwombaji. Wapo waliosema kwamba Otto hakuikana enzi kwa dhati. Huenda walisema kweli, kwani uzeeni yeye mwenyewe alitamka kwamba laiti asingeitia sahihi hati ile. Basi na iwe hivyo. Sheria ilidai sahihi na uaminifu wa raia, haikudai mapenzi. Katika miaka ile mitano aliyepungukiwa heshima ni jamhuri, wala si mwana wa mfalme.

Pasi halali ilitolewa mwezi Juni 1966, baada ya chama kimoja kushika serikali peke yake. Otto alipoingia nchini tarehe 31 Oktoba mwaka huo, wafanyakazi waligoma. Mgomo ukaisha, kazi zikaendelea, na jamhuri haikutikisika. Mwaka 1972 Kansela Bruno Kreisky, Msoshalisti, alimpa mkono mjini Vienna mbele ya watu.

Aliyoyafanya baadaye yanajulikana. Akiwa raia wa Ujerumani pia, alichaguliwa kwa kura kuingia Bunge la Ulaya mwaka 1979, akakaa humo miaka ishirini. Alikuwa mmoja wa wadhamini wa mkutano wa hadhara wa tarehe 19 Agosti, 1989, karibu na mji wa Sopron, ambapo Wajerumani Mashariki zaidi ya 600 walivuka mpaka wa Hungaria na kuingia Austria. Si kila alichosema kilistahili kupongezwa. Mwaka 2008, akiwa na miaka 95, alidai kwamba hakuna nchi iliyodhulumiwa na Hitler kuliko Austria, akawasahau wale waliojaa barabarani mwaka 1938 kumshangilia. Alikosolewa vikali hadharani, kama anavyokosolewa raia mwingine yeyote.

Alifariki tarehe 4 Julai, 2011, akazikwa Vienna siku kumi na mbili baadaye katika kaburi la wazee wake. Miongoni mwa waombolezaji walikuwako Rais Heinz Fischer na Kansela Werner Faymann, wote wawili wakiwa wametoka katika chama kile kilichopiga kura mwaka 1963 ili asirudi.