Chai, Ndimu na Damu Yetu

Mwezi huu twaungama kosa letu kabla ya kutoa nasaha. Katika madrasa yetu alikuwako binti mmoja aliyekuwa akisinzia juu ya msahafu kila asubuhi. Tukamkaripia kwa uvivu, wala si mara moja. Hata mama yake alipompeleka kupimwa, ikaonekana damu yake imepungua. Tuliona haya, maana tulimlaumu mtoto kwa jambo asiloliweza.

Damu hutaka madini ya chuma. Kwa madini hayo chembe nyekundu huchukua oksijeni mapafuni na kuipeleka mwilini kote. Yakipungua, mtu huchoka upesi, hutweta, na akili yake huwa nzito. Walio katika khatari zaidi ni wenye mimba, watoto wadogo na wasichana waliokwisha baleghe.

Mtu atauliza: mbona mchicha, kunde na maharage haviishi majumbani mwetu? Ni kweli, lakini chuma cha mimea si chepesi kuingia mwilini kama kile cha nyama na samaki. Tena chai tuinywayo pamoja na chakula ina tanini, ndiyo iletayo ule ukakasi ulimini. Tanini hukishika chuma cha mboga tumboni, sehemu yake kubwa ikapita bure. Kinyume chake ni vitamini C, iliyomo katika ndimu, chungwa, pera na embe: hiyo hukisaidia chuma kuyeyuka, mwili ukakipokea.

Basi hatusemi chai iachwe. Twasema ingojee muda wa saa moja baada ya chakula. Nayo ndimu ikamuliwe mboga ikiwa tayari sahanini, kwani moto huipunguza vitamini hiyo. Na mwenye kupata samaki, hata kidogo, amle pamoja na kunde. Atakisaidia chuma cha kunde.

Lakini ndimu si dawa ya kila upungufu wa damu. Malaria na safura pia huipunguza. Mwenye kuchoka pasi na sababu apimwe. Na mja mzito asiache vidonge vya chuma na asidi ya foliki apewavyo kliniki, wala asivimeze kwa chai.

Binti yetu alitibiwa, na leo usingizi umemwacha. Nasi walimu tumepata funzo: kabla ya kumkemea mtoto, tumwulize kwanza amekula nini.