Kasongo na Kabambare: siki haichukui nafasi ya dawa ya sukari

Tofaa ni tunda la nchi za baridi, halioti kusini mwa Maniema. Lakini sifa za siki yake, ile wengi wanaita vinegre, zinafika kokote simu inapofika: eti kijiko kimoja kila asubuhi kinaponyesha ugonjwa wa sukari.

Siki ina kazi yake nyumbani. Inaondoa harufu ya samaki kwenye kisu na mikono, inang'oa ukoko mweupe ndani ya birika, inahifadhi pilipili. Kwa hayo, siki yoyote ya bei ndogo inatosha. Isichanganywe tu na javeli, maana hapo inatoka hewa yenye sumu.

Kuhusu sukari, ukweli ni mdogo kuliko sifa. Tafiti ndogo zimeonyesha kwamba siki ikitumiwa pamoja na chakula cha wanga, kama wali, inaweza kupunguza kidogo sukari inayopanda baada ya kula. Haiponyeshi. Mtoto ambaye mwili wake hautengenezi insulini hawezi kuishi kwa siki. Kabla ya sindano ya insulini kuanza kutumiwa mwaka wa 1922, watoto kama hao walikufa. Tena siki isiyotiwa maji inaharibu meno na kuchoma koo.

Si ujinga unaowapeleka watu kwenye chupa. Mtu wa kijiji cha Kabambare anayekojoa usiku kucha na kukauka koo anahitaji tone la damu lipimwe. Kipimo kikiwa mbali, barabara ikiwa matope na pesa hakuna, chupa ya jirani ndiyo inakuwa mganga.

Kasongo inajua dawa ya tatizo hilo. Miaka ya 1970 na 1980, mradi wa afya uliofanyika hapo pamoja na chuo cha magonjwa ya tropiki cha Antwerp ulionyesha faida ya vituo vya afya vilivyo karibu na wananchi, vikishirikiana na hospitali. Leo, serikali na wakubwa wa zone za afya wahakikishe kila kituo kina kipimo cha sukari na tembe za metformini, na hospitali zina insulini na baridi ya kuitunza.

Wakati huo, mgonjwa asiache dawa zake. Anayetaka siki aweke kidogo kwenye mboga, na amwambie muuguzi.