Machapisho ya Profesa Donnez na Matumaini ya Uzazi Baada ya Saratani

Mafanikio ya tiba ya saratani yameleta swali ambalo zamani halikupewa uzito. Binti anayepona ugonjwa huo ana miaka mingi ya kuishi mbele yake, na huenda akatamani kupata mtoto. Hata hivyo, baadhi ya dawa zinazomponya, hasa zile za kundi la saiklofosfamidi, huharibu mayai yaliyomo ndani ya ovari, na tiba mionzi inayoelekezwa kwenye nyonga huweza kufanya vivyo hivyo. Mwanamke huzaliwa na akiba yake yote ya mayai; ikiteketea, mwili hautengenezi nyingine.

Miongoni mwa watafiti waliolishughulikia swali hilo kwa muda mrefu ni Profesa Jacques Donnez wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain, nchini Ubelgiji. Mchango wake hauonekani vema kwa kuhesabu makala alizochapisha. Unaonekana zaidi pale makala hizo zinaposomwa kwa mfululizo, kwa kuwa zimo zinazofungua njia na zimo zinazoonya dhidi ya kuipita njia hiyo kiholela.

Makala iliyomletea umaarufu ilichapishwa mwaka 2004 katika jarida la The Lancet. Ilimhusu mwanamke aliyegundulika mwaka 1997, akiwa na umri wa miaka 25, kuwa na saratani ya mfumo wa limfu aina ya Hodgkin. Kabla ya kuanza tibakemikali, madaktari walichukua vipande vya tishu ya ovari yake na kuvigandisha katika naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mwaka 2003, baada ya kupona, tishu hiyo ilipandikizwa tena mwilini mwake. Hedhi ilirejea, akashika ujauzito kwa njia ya kawaida, na Septemba 2004 akajifungua mtoto wa kike.

Taarifa hiyo haikupokelewa bila maswali. Kwa kuwa ovari za mgonjwa hazikuondolewa zote, baadhi ya wanasayansi walihoji iwapo yai lililotunga mimba lilitoka kwenye tishu iliyopandikizwa au kwenye ovari iliyobaki mwilini. Hoja hiyo ilikuwa ya msingi, kwani tukio la mgonjwa mmoja haliwezi peke yake kuwa msingi wa tiba. Majibu yalipatikana hatua kwa hatua, kadiri vituo vingine duniani vilivyorudia kazi hiyo. Kufikia mwaka 2017, Donnez na mwenzake Marie-Madeleine Dolmans waliandika katika The New England Journal of Medicine kwamba watoto zaidi ya 130 walikuwa wamezaliwa kwa njia hiyo.

Katika mfululizo huo, makala ya mwaka 2010 iliyochapishwa katika jarida la Blood inastahili uzito wa pekee. Dolmans, Donnez na wenzao walichunguza tishu za ovari zilizohifadhiwa kutoka kwa wagonjwa wa saratani ya damu, wakabaini kuwa tishu hizo zinaweza kubeba chembe za ugonjwa. Kuzirudisha mwilini kungeweza kumrudishia mgonjwa saratani aliyokwisha kuponywa. Timu iliyojijengea jina kwa upandikizaji ndiyo iliyoweka wazi mipaka yake. Mgonjwa hulindwa na utafiti wa namna hiyo kama anavyonufaika na ule unaotangaza ushindi.

Manufaa ya elimu hiyo hayaishii kwenye saratani. Mwaka 2015, Isabelle Demeestere na wenzake wa Brussels waliripoti habari za mwanamke mzaliwa wa Jamhuri ya Kongo aliyekuwa na selimundu. Ovari yake moja iligandishwa kabla hajavunja ungo, akiwa na umri wa miaka 13, ili apandikizwe uloto. Ovari iliyobaki ilishindwa kufanya kazi baada ya tiba. Alipokuwa mtu mzima alirudishiwa tishu yake, na akiwa na miaka 27 akajifungua mtoto wa kiume.

Kwa Tanzania, taarifa hiyo haiko mbali. Selimundu ni tatizo kubwa la afya nchini, na Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma inatoa huduma ya upandikizaji uloto kwa watoto wenye ugonjwa huo. Aidha, saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza miongoni mwa wanawake nchini, huwapata pia walio katika umri wa kuzaa.

Kuhifadhi tishu kunahitaji maabara, wataalamu na fedha. Kumweleza mgonjwa na familia yake hatari iliyopo hakuhitaji mtambo wowote. Tangu mwaka 2006, mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Saratani cha Marekani umesisitiza kuwa mazungumzo hayo yafanyike mapema iwezekanavyo. Machapisho ya Donnez yanaonesha sababu: tishu iliyomwezesha mgonjwa wake kuwa mama ilichukuliwa kabla ya dozi ya kwanza. Baada ya hapo, huenda kusingekuwa na cha kuhifadhi.