Mnamwambia Aache Pombe. Jioni Aende Wapi?

Kila mtu katika nchi hii ana ushauri wa kumpa mlevi. Mchungaji anamwambia aokoke, shehe anamwambia atubu, mkewe anamsihi awaonee huruma watoto, na daktari anamwandikia kwenye cheti maneno mawili: "Aache pombe." Hakuna anayeandika chini yake siku, saa na mahali wanapokutana watu walioacha. Huo ni unafiki. Tunajua fika kwamba mtu huyo akitoka hospitali, njia nzima ya kwenda kwake imejaa baa.

Na tuseme ukweli kuhusu baa. Kule anaitwa kwa jina lake. Mhudumu hamuulizi anakunywa nini, anamletea. Akiishiwa, anaandikiwa kwenye daftari. Asubuhi mikono ikitetemeka, hakosi mwenzake wa kumnunulia moja ya kutoa loki. Sisi tunaojiita ndugu zake tunamwita chapombe, tunamnyang'anya simu na mshahara, kisha tunashangaa akirudi kwa wanaompenda. "Hana nia," tunasema. Nia anayo. Asichonacho ni watu wa kukaa nao kuanzia saa kumi na mbili jioni.

Serikali nayo inajua kupambana na chupa kuliko kumsaidia mnywaji. Machi 1, 2017 ilipiga marufuku viroba, yaani pombe kali ya pakiti, na ilifanya vizuri. Pakiti zikaondoka madukani, kiu ikabaki kwa wenye kiu. Gongo ni haramu miaka nenda rudi: polisi wanamwaga mapipa mbele ya kamera, kesho mitambo inawashwa korongo la pili. Kila Juni tunasomewa bungeni ushuru wa bia. Waziri atuambie siku moja ni kiasi gani cha ushuru huo kinarudi mtaani kumsaidia anayetaka kuacha.

Msiniambie haiwezekani. Kwa heroini tumeweza. Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, na Zanzibar zipo soba hausi ambako waliowahi kuwa mateja wanawasimamia wenzao. Lakini mlevi wa pombe tumemfanya kichekesho. Wanawake wa Rombo, mkoani Kilimanjaro, walipolia kwamba ulevi umewamaliza waume zao, taifa zima liliangua kicheko.

Dawa yenyewe wala si ghali. Mwaka 1935, mjini Akron, Marekani, dalali wa hisa Bill Wilson na daktari wa upasuaji Bob Smith, walevi wote wawili, waligundua kwamba mlevi akizungumza na mlevi mwenzake, bila mahubiri, anaweza kuimaliza siku bila kunywa. Ndipo ikazaliwa Alcoholics Anonymous. Hakuna kiingilio, na sharti la kujiunga ni moja tu: kutaka kuacha. Anayedhani hizo ni porojo asome mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2020, yaliyokusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000: waliosaidiwa kwa utaratibu maalumu kujiunga na vikundi hivyo waliacha kabisa kwa kiwango sawa na waliopewa tiba nyingine, na mara nyingi kuwazidi.

Nionye jambo moja. Aliyekunywa sana kwa miaka asikate ghafla akiwa nyumbani peke yake. Anaweza kupata degedege, kuona mauzauza, hata kufa. Aanzie hospitali. Lakini hospitali inasafisha mwili kwa siku chache tu, na baada ya hapo kuna miaka ya kuishi. Hiyo miaka ndiyo kazi ya kikundi.

Na nani anatushinda Watanzania kwa vikundi? Tuna vikoba vyenye katiba, faini na daftari. Tuna jumuiya ndogondogo zinazozunguka nyumba kwa nyumba. Tuna vyama vya kufa na kuzikana. Tunakutana kila mwezi kuchanga fedha za kumzika mlevi, lakini kukutana kila wiki ili asife hatujawahi kufikiria!

Unayetafuta kikundi, usione haya. Ulizia kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya mkoa wako, uliza ustawi wa jamii, uliza kanisani na msikitini. Ukiambiwa hakuna, mtafute mmoja anayetaka kuacha kama wewe, mpange siku na saa, na mkubaliane kwamba yanayosemwa humo hayatoki nje. Akron walianza wawili.

Ila mzigo huu usiachwe kwa mgonjwa peke yake. Daktari awe na orodha ya vikundi mezani kwake. Shehe na mchungaji watoe ukumbi bila kudai mtu abadili dini. Na wewe mwenyekiti wa mtaa, ofisi yako ina mabenchi na inafungwa jioni, saa ileile baa zinapojaa. Toa ufunguo mara moja kwa wiki. Ukikataa, itisha mkutano wa hadhara utueleze kwa nini kibali cha baa kinapatikana mtaani kwako na chumba cha saa moja hakipatikani.