Bwawa lisimtangulie daktari

Tangu ukame wa 2020 hadi 2023 uliofagia mifugo ya kaskazini mwa Kenya, jamii za wafugaji, zikiwemo za Isiolo, zimekuwa zikihimizwa kutafuta riziki ya pili, na ufugaji wa samaki umo miongoni mwa zinazotajwa. Wazo lenyewe si baya. Kambare na ngege hustawi katika maji ya joto, na joto si haba Kulamawe, huko Isiolo. Maji yakipatikana, bwawa laweza kulisha familia. Lakini joto hilohilo linaloikuza minofu ya ngege ndilo linalostawisha maradhi yake. Kabla shimo la kwanza halijachimbwa kwa fedha za umma, wananchi wana haki ya kujua nani ataitwa samaki watakapoanza kuelea.

Bakteria aina ya streptokoka huwavamia ngege maji yanapopanda joto na samaki wakisongamana: huzunguka ovyo majini, macho huwatoka, kisha hufa kwa wingi. Mfugaji aliyeachwa peke yake hufanya analoliweza. Hukimbilia duka la dawa za mifugo, hununua antibiotiki iliyokusudiwa mbuzi na kuichanganya na chakula. Lakini samaki mgonjwa huwa ameshaacha kula. Dawa huliwa na wazima au huzama kwenye tope, na bakteria wanaosalia huizoea. Pengine hata hapakuwa na bakteria. Vizimba vya Ziwa Victoria vilipopata hasara kubwa mwishoni mwa 2022, wataalamu walitaja upungufu wa oksijeni majini, na hakuna dawa ya dukani inayotibu hilo. Bila kupima, mfugaji hawezi kujua anapambana na nini.

Mfugaji wa Kulamawe asiyewahi kuona kizimba asidhani haya hayamhusu. Streptococcus agalactiae, bakteria huyo anayeua ngege, hupatikana pia katika viwele vya ngamia. Utafiti uliofanywa katika Kaunti ya Isiolo na kuchapishwa mwaka 2020 ulimkuta kuwa kisababishi kikuu cha ugonjwa wa kiwele usioonekana kwa macho, na tayari wako wengi wa jamii yake nchini wasiosikia tetrasaiklini, dawa ambayo wafugaji huishika mkononi kwanza. Ni kweli kwamba koo za bakteria huyo hutofautiana kutoka mnyama hadi mnyama, na hatusemi kuwa ugonjwa wa ngege utaruka hadi zizini. Hata hivyo, nchini Singapore mwaka 2015 watu waliugua vibaya kwa kula samaki mbichi wa maji baridi waliobeba ukoo mmoja wa bakteria huyuhuyu. Mazoea ya kutibu kwa kubahatisha yameshaingia katika maziwa ya ngamia. Kuyaongezea mabwawa ni kuyapa uwanja mpya.

Serikali za kaunti zina hoja, na si haki kuipuuza. Bajeti ni finyu, malori ya maji hayasubiri, na madaktari wa mifugo ni wachache katika eneo pana lenye barabara mbovu. Wafugaji nao wana lawama yao: hujaza samaki kupita kiasi, huficha vifo wakihofia soko, na wengine huuza kabla muda wa dawa kuisha mwilini haujapita. Yote hayo tunayakubali. Lakini Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilizikabidhi kaunti udhibiti wa magonjwa ya wanyama pamoja na uvuvi. Umaskini wa kaunti waweza kueleza kwa nini huduma haijafika. Hauwezi kuhalalisha kuanzishwa kwa mradi mpya juu ya huduma isiyokuwepo. Asiyeweza kumpelekea daktari mwenye mbuzi hana ruhusa ya kumgawia vifaranga vya samaki na kuondoka. Nchi ilishaliona hilo baada ya mpango wa kuchangamsha uchumi ulioanza 2009, pale mabwawa yaliyochimbwa kwa fedha za serikali yalipoachwa makavu katika sehemu nyingi mara msaada ulipokatika.

Wajibu hapa ni wa haraka kwa sababu samaki hangoji. Aliyekwisha kufa kwenye joto huoza ndani ya saa chache na hamfai mpimaji; anayetakiwa ni yule anayekata roho, na atolewe sampuli na mtu aliyefunzwa. Kaunti basi iwe na afisa wa samaki anayefikika, namna ya kufikisha sampuli maabara zikiwa baridi, na ukaguzi wa maduka ya dawa unaozuia antibiotiki kuuzwa bila agizo la daktari. Serikali ya taifa, inayosimamia sera na maabara kuu ya Kabete, itoe majibu mapema ili yamfae mwenye bwawa. Na bunge la Kaunti ya Isiolo, likiletewa makadirio yenye fedha za mabwawa bila fedha za kutibu kitakachofugwa humo, liyarudishe.