Flash imekwisha kufa, mbona bado yabisha hodi kwenye simu?

KATIKA Kata ya Mirongo, katikati ya Jiji la Mwanza, simu ya mkononi imekoma siku nyingi kuwa chombo cha kupiga na kupokea tu. Ni redio, ni gazeti, ni ukumbi wa sinema, na zaidi ya yote ni mfuko wa fedha.

Mchuuzi anayelipia mzigo wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, mwendesha bodaboda anayelipwa nauli kwa simu na mwanafunzi anayetumiwa fedha za matumizi na wazazi walioko Ukerewe au Sengerema, wote hutunza fedha katika kifaa kilekile wanachokitumia kutazama mabao ya mpira na video za muziki.

Hapo ndipo fedha na burudani zinapokutana, na hapo ndipo lilipo tatizo ambalo halizungumzwi sana. Ni ule ujumbe unaojitokeza ghafla kwenye kivinjari cha simu, ukimtaka mwenye simu apakue programu iitwayo Flash Player, au toleo lake jipya, ndipo aweze kuiona video anayoitafuta.

Kwa mtu mwenye haraka, ujumbe huo hautii shaka. Jina la Flash linafahamika tangu enzi za vibanda vya intaneti, wakati kila kompyuta ilikuwa nayo.

Ukweli ni kwamba hakuna simu ya kisasa, iwe ya Android au iPhone, inayohitaji Flash. Kampuni iliyokuwa ikiimiliki imekwisha kuitelekeza. Kwa hiyo anayemtaka mtumiaji wa simu aiweke leo ni mmoja kati ya wawili: ama mwenye tovuti aliyezembea kuifanyia matengenezo, ama mwizi.

Ilikotoka na ilikoishia

Flash ilikuwa programu ndogo inayochomekwa ndani ya kivinjari ili kukiongezea uwezo ambao hakikuwa nao. Vivinjari vya miaka ya 1990 vilijua kuonyesha maandishi na picha tu. Aliyetaka kuona katuni, kucheza mchezo au kutazama video alilazimika kuongeza programu ya ziada.

Flash ilianza kutumika mwaka 1996 chini ya kampuni ya Macromedia ya Marekani, ambayo ilinunuliwa na Adobe mwaka 2005. Mwaka huohuo mtandao wa YouTube ulianza, nao ukategemea Flash kuonyesha video zake.

Mambo yalianza kubadilika baada ya simu za skrini ya kugusa kuingia sokoni. Simu ya iPhone ilipozinduliwa mwaka 2007 haikuwa na Flash. Aprili 2010, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Apple, Steve Jobs, aliandika waraka wa wazi akieleza sababu zake: inamaliza betri, inasababisha mitambo kukwama, ina udhaifu wa kiusalama, na ilibuniwa kwa ajili ya kipanya cha kompyuta, si kwa kidole cha mtu.

Adobe haikukubaliana naye. Juni 2010 ilitoa Flash kwa simu za Android toleo la 2.2. Haukupita muda mrefu kabla ya kampuni hiyo kunyoosha mikono. Novemba 2011 ilitangaza kuacha kuiendeleza Flash kwa ajili ya vivinjari vya simu, na Agosti 2012 ikaiondoa katika duka la programu la Google kwa watumiaji wapya.

Marekebisho ya mwisho ya usalama kwa Flash ya Android yalitolewa Septemba 2013. Tangu hapo, kila tundu lililogunduliwa limebaki wazi, kama nyumba ambayo fundi wake amehama mji.

Wakati huohuo teknolojia nyingine ilikuwa ikichukua nafasi. HTML5, mfumo unaokiwezesha kivinjari chenyewe kuonyesha video bila kuongezewa kitu, uliidhinishwa rasmi Oktoba 2014. Januari 2015 YouTube iliufanya kuwa mfumo wake mkuu. Adobe ilihitimisha huduma za Flash hata kwenye kompyuta Desemba 31, 2020, na kuanzia Januari 12, 2021 matoleo yake ya mwisho ya kompyuta yakakataa kuonyesha chochote.

Kwa nini bado inabisha hodi

Swali la kujiuliza ni hili: kama Flash imekwisha kufa, kwa nini bado watu wanaiweka kwenye simu?

Sababu ya kwanza ni simu zenyewe. Simu nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu ni zile ambazo tayari zimetumika. Nyingine ni za zamani kiasi kwamba watengenezaji wake hawazitumii tena matoleo mapya ya mfumo. Tangu Septemba 27, 2021, kwa mfano, Google haimruhusu mtu kuingia katika akaunti yake kwa kutumia simu yenye Android ya toleo la 2.3.7 au la chini ya hapo.

Mwenye simu ya aina hiyo akifungiwa duka rasmi la programu, hatupi simu yake. Huenda kwa fundi. Fundi humwekea programu kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu, kutoka kwenye kompyuta yake, au kwa kurushiwa kutoka simu nyingine.

Si haki kumbebesha fundi lawama zote. Mteja amekuja na shida, fundi analipwa ujira mdogo kuimaliza. Tatizo ni kwamba faili analoliweka limepita mikono mingi, na hakuna awezaye kuthibitisha kwamba lilivyotoka kiwandani ndivyo lilivyo leo.

Sababu ya pili ni tovuti. Zipo kurasa zilizojengwa miaka ya 2000 ambazo hazijaguswa tangu siku zilipozinduliwa. Mtu akizifungua kwa simu huona kisanduku cheupe na maelezo kwamba anahitaji Flash. Mwenye tovuti amekwisha kuisahau, lakini maelezo yake bado yanampoteza msomaji.

Sababu ya tatu ndiyo ya hatari zaidi, nayo ni wahalifu. Hawa wanajua kwamba jina la Flash bado linaaminika, na wanalitumia kama joho.

Mwizi mwenye jina la zamani

Mfano ulio wazi ulitokea Ulaya. Kirusi cha simu za Android kilichoitwa FluBot kilianza kuonekana mwishoni mwa mwaka 2020, kikisambaa kwa ujumbe mfupi wa maandishi. Mwanzo kilijifanya taarifa ya mzigo uliotumwa. Januari 2022, mwaka mmoja baada ya Flash kuzikwa, kikajitokeza kikijifanya Flash Player.

Aliyeiweka programu hiyo aliombwa ruhusa moja kubwa, ile iliyotengenezwa kuwasaidia watu wenye ulemavu kutumia simu. Programu iliyopewa ruhusa hiyo inaweza kusoma kinachoonekana kwenye skrini na hata kubonyeza kwa niaba ya mwenye simu. FluBot iliitumia kuiba taarifa za kibenki, kisha ikajituma kwa watu waliomo katika orodha ya majina ya simu hiyo.

Ilihitajika operesheni ya polisi kutoka nchi 11 kuukata mtandao huo. Shirika la polisi la Ulaya, Europol, lilitangaza mafanikio hayo Juni 2022.

Pengine mtu atasema hayo ni ya Ulaya. Lakini ikumbukwe kwamba Mtanzania anabeba fedha kwenye simu kwa muda mrefu sasa. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na baada yake kampuni nyingine zikafuata. Kwa wengi, salio la simu ndiyo akaunti pekee waliyonayo.

Anayeibiwa fedha zilizomo kwenye simu kwa hiyo anapoteza mtaji wa kesho asubuhi. Mama lishe aliyepoteza fedha za mchele na mkaa hana sehemu ya pili ya kuanzia.

Funzo kutoka Afrika Kusini

Madhara ya kung'ang'ania Flash hayaishii kwa mtu mmoja mmoja. Mwanzoni mwa mwaka 2021, Mamlaka ya Mapato ya Afrika Kusini, SARS, ilijikuta katika mtego huo. Baadhi ya fomu za kodi katika mtandao wake zilikuwa bado zimejengwa kwa Flash, na Adobe ilipofunga milango fomu hizo zikakataa kufunguka.

SARS ililazimika kutoa kivinjari chake maalumu cha kompyuta chenye uwezo wa kuendesha Flash, ili walipa kodi waweze kuzijaza. Adobe ilikuwa imetoa taarifa tangu Julai 2017. Ilikuwapo miaka mitatu na zaidi ya kujiandaa.

Funzo lake ni jepesi. Taasisi inapochelewa kubadilika, mzigo wa kuchelewa huko humwangukia mwananchi. Yeye ndiye anayeambiwa atafute programu hii au ile, na akiikosa penye uhalali huitafuta popote.

Nani awajibike

Serikali ya Tanzania imekwisha kuonyesha kwamba inapoamua, inaweza. Usiku wa Juni 16, 2016, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchini. Kabla ya hapo wananchi walihimizwa kubonyeza *#06# kupata namba ya utambulisho ya simu, kisha kuituma kwenda 15090 ili kujua kama ni halali. Somo hilo liliwafikia hata watu waliokuwa hawajawahi kusikia habari za namba hiyo.

Hata hivyo, hatua ile iligusa kifaa, haikugusa kilichomo ndani yake. Simu halali kabisa inaweza kubeba programu haramu. Elimu ya namna ileile, fupi na inayokaririka, inahitajika sasa kuhusu programu.

Taasisi za umma, shule na vyombo vya habari navyo vina wajibu wa kupekua tovuti zao. Ukurasa unaomwambia msomaji apakue Flash unapaswa kuondolewa, kwa sababu unamzoesha kutii amri ambayo kesho itatolewa na tapeli. Kwa kazi za zamani zinazostahili kuhifadhiwa, kama michezo na masomo ya watoto, ipo programu huria ya Ruffle, ambayo mwenye tovuti huiweka upande wake na msomaji haongezi chochote kwenye simu.

Wapo watakaosema dawa ni kila mtu kununua simu mpya. Hiyo ni rahisi kuitamka kuliko kuitekeleza. Lakini kukataa hakuna gharama. Ujumbe wa Flash ukijitokeza, ufungwe, na ukurasa ule uachwe.

Ambaye tayari anayo afungue sehemu ya mipangilio, atazame orodha ya programu na kuiondoa. Ikikataa kuondoka, aangalie kama imepewa mamlaka ya kusimamia simu, ainyang'anye mamlaka hayo kwanza, kisha aiondoe. Ile ruhusa ya kupokea programu kutoka vyanzo visivyojulikana nayo ifungwe.

Kwa mwenye simu kongwe, ipo njia ambayo haihitaji utaalamu wowote: laini ya fedha ikae kwenye simu ndogo ya vitufe, maarufu kama kitochi, na simu ya skrini ibaki kwa ajili ya video na habari. Kitochi hakina mahali pa kuchomeka Flash, iwe halisi au bandia.

Na aliyekwisha kuibiwa asione haya. Awahi kuipigia kampuni yake ya simu ili akaunti izuiwe, atoe taarifa polisi, na namba ya tapeli, kama anayo, aitume kwenda 15040.

Wakazi wa Mirongo wanaujua vizuri mto unaobeba jina la kata yao. Taka inayotupwa huko juu haibaki ilipotupwa, hushuka na maji hadi Ziwa Victoria, na anayeumia ni yule wa chini ambaye hakuitupa.

Ndivyo ilivyo kwa Flash. Waliotelekeza tovuti zao wako juu. Waliouza simu bila kueleza umri wake wako juu. Aliye chini ni mchuuzi mwenye simu ya mkononi na mtaji wote ndani yake, akitazama kisanduku kinachomwambia abonyeze hapa. Kabla ya wa juu kusafisha, yeye atalindwa na jambo moja tu: kujua kwamba anayebisha hodi alikwisha kufa.