Tusihesabu ngumi ya mwisho tu

Huku Cimpunda, mazungumzo ya ngumi hayachelewi kufika Kinshasa, kwenye alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974. Kila mtu anajua yalivyoisha: raundi ya nane, George Foreman chini, Muhammad Ali bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Wazee wanasimulia, na sisi tuliozaliwa miaka mingi baadaye tunarudia kana kwamba tulikuwepo. Lakini sikilizeni namna tunavyosimulia: tunaanzia kwenye anguko. Hoja yangu ni kwamba tunawapima mabondia kwa kipimo kibaya. Ngumi inayostahili sifa ya kwanza ni ile ndogo ya mkono wa mbele, ambayo Waingereza huiita jab, nasi tuiandike jabu.

Kwa wasioufuata mchezo huu: bondia anayetumia mkono wa kulia husimama akitanguliza mguu na mkono wa kushoto. Jabu hutoka kwenye mkono huo, huenda moja kwa moja usoni pa mpinzani, kisha hurudi haraka kulinda kidevu. Safari yake ni fupi, kwa hiyo haina uzito wa ngumi ya kulia. Kazi yake ni kupima umbali, kumzuia mpinzani asisogee, kumharibia mizani na kufungua njia kwa ngumi nzito.

Kurudi kwa mkono ni nusu ya kazi, na aliyelipa gharama ya kusahau hilo ni Joe Louis. Tarehe 19 Juni 1936, mjini New York, Max Schmeling alimshinda katika raundi ya 12. Mjerumani huyo alikuwa amegundua kwamba Louis akishapiga jabu huushusha mkono wa kushoto. Kila uliposhuka, ngumi ya kulia ilipita juu yake. Louis alijifunza. Mwaka 1937 akawa bingwa, mwaka 1938 akammaliza Schmeling katika raundi ya kwanza, na akautetea ubingwa wake mara 25.

Baada yake walikuja wengine. Jabu ya Sonny Liston iliumiza kama ngumi ya kulia ya mtu mwingine. Ya Ali ilikuwa ya kasi, ikitokea chini, karibu na kiuno, mahali ambapo jicho halitazamii. Hata hiyo ilipata dawa: mwaka 1973 kocha Eddie Futch alimfundisha Ken Norton kupiga jabu wakati uleule Ali anapopiga yake. Norton alishinda, na Ali akatoka ulingoni taya limevunjika.

Nikiulizwa bora kuliko zote, namtaja Larry Holmes, aliyekuwa akifanya mazoezi na Ali kabla ya kuwa bingwa. Tarehe 9 Juni 1978 alimshinda Norton huyohuyo kwa pointi baada ya raundi 15, ingawa aliingia ulingoni mkono wake wa kushoto ukiwa umeumia mazoezini. Hakushindwa katika mapambano 48 ya kwanza, hadi mwaka 1985. Jabu yake ilifanya kazi zote kwa pamoja: ilipima, iliumiza, ilizuia, na ilirudi. Wapo wanaomtaja Wladimir Klitschko, na hawakosei sana. Lakini mwaka 2015, mjini Düsseldorf, Tyson Fury alipomnyima nafasi ya kuipiga jabu yake, Klitschko hakuwa na jibu jingine. Holmes alikuwa nalo.

Kuna watakaojibu kwamba Kinshasa inanikanusha, kwa kuwa katika raundi ya kwanza Ali alipiga ngumi za kulia mara kwa mara bila kutanguliza jabu. Ni kweli. Ila jiulizeni kwa nini zilimfikia Foreman. Tangu mwaka 1960 Ali alikuwa amewazoesha wapinzani kuutazama mkono wake wa kushoto. Kwa maoni yangu, jabu zilizomsaidia usiku ule ni zile ambazo Foreman alizingojea. Hata katika raundi ya nane, ngumi ya kushoto ndiyo iliyokiinua kichwa cha Foreman kabla ya ile ya kulia kummaliza. Na Foreman huyo tunayemkumbuka akiwa chini aliurudisha ubingwa tarehe 5 Novemba 1994, akiwa na miaka 45. Alikuwa nyuma kwa pointi, lakini aliendelea kumpiga Michael Moorer kwa jabu hadi njia ya mkono wa kulia ikafunguka katika raundi ya kumi.

Hapa ndipo sisi wa kitivo cha lugha tunapohusika. Kiswahili kinajua thamani ya kidogo kinachorudiwa: haba na haba hujaza kibaba. Lakini tukisimulia ngumi tunasema "alimpiga", "alimwangusha", basi. Wengine huazima direct kutoka Kifaransa, wengine jab. Kuazima si aibu. Raundi na refa tumeziazima pia. Napendekeza tuongeze jina letu, "ngumi ya kupimia", kwa sababu linaeleza kazi yenyewe.

Si mapambo ya lugha. Kijana anayesikia sifa za anguko peke yake huenda kulitafuta anguko, kidevu kikiwa wazi. Ngumi ya kupimia ndiyo inayomweka adui mbali na kichwa chako. Ali wa Kinshasa aliegemea kamba akaziacha ngumi zije. Mwaka 1984 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa Parkinson. Sidai kwamba usiku mmoja ulileta maradhi hayo. Nasema tu kwamba kusifu uvumilivu wa kupigwa ni somo baya kwa mtoto wa miaka 15.

Kwa hiyo, wanafunzi wenzangu, mtakapotazama tena pambano la 1974, utazameni mkono wa kushoto. Na asiyekubaliana nami kuhusu Holmes aandike katika toleo lijalo. Nitamsoma kwa makini.